Benito Juárez: Mchunga kondoo aliyefika ikulu, fimbo ikamganda mkononi

Kila mwaka ifikapo Machi 21, wanasiasa wa Mexico hupanda milima ya jimbo la Oaxaca kwenda kuweka mashada ya maua katika kijiji kinachoitwa Guelatao. Ni safari ya takriban kilomita 60 za kona na miteremko kutoka jiji la Oaxaca. Wakifika huko wanakuta kiziwa kidogo, kanisa, ofisi ya manispaa na sanamu ya mwanamume mfupi mwenye uso usiotabasamu. Wakazi hawafiki hata 1,000. Ukiwachukua wote ukawaleta Nairobi, wangetoshea kwenye maghorofa machache tu ya Pipeline.

Mwanamume huyo ni Benito Juárez. Ndiye rais wa kwanza wa Mexico aliyetoka katika jamii za wenyeji walioishi nchi hiyo kabla ya Wahispania kuja. Uso wake uko kwenye noti, jina lake liko kwenye uwanja wa ndege wa jiji kuu, na mji wa mpakani wa Ciudad Juárez unaitwa kwa heshima yake. Sifa zake zilivuka hata bahari. Fundi chuma mmoja wa Italia alimpenda sana hivi kwamba mwanawe alipozaliwa mwaka 1883 akamwita Benito. Mtoto huyo alikuja kuwa Benito Mussolini, dikteta. Jina si hoja, kumbe.

Hadithi ya mtoto maskini aliyekuwa rais tumeisikia mara nyingi, na kila nchi ina yake. Lakini ya Juárez ina kitu cha ziada. Kijiji alichotoka kina namna yake ya kufikiria uongozi, namna ambayo ukiielewa utamwona Juárez kwa macho mengine: pale alipokuwa mkubwa kweli, na pale alipoteleza.

Huku cheo hakiliwi

Guelatao si kijiji tu. Kisheria ni manispaa kamili, yenye ofisi yake, bajeti yake na rais wake wa manispaa. Jimbo la Oaxaca peke yake lina manispaa 570, karibu robo ya manispaa zote za Mexico. Sisi Kenya nzima tuna kaunti 47 na wadi 1,450.

Sote tunajua kiti cha udiwani kinavyosakwa hapa kwetu. Mtu anauza shamba, anakopa, anachapisha fulana, anamwaga chai ya vijana, na akishinda anaanza kazi ya kurudisha hela zake. Katika manispaa nyingi za milima ya Oaxaca mambo ni kinyume. Hakuna mabango wala vyama. Watu wazima wa kijiji hukutana kwenye mkutano mkuu, majina yanapendekezwa, na aliyechaguliwa anatarajiwa kukubali, apende asipende. Kukataa ni aibu, tena kuna vijiji ambako kunaweza kukugharimu haki zako kama mwanakijiji.

Na huanzi juu, unaanzia chini kabisa. Kijana akifikia umri anapewa kazi ya topili, yaani mtu wa kutumwa. Anapeleka ujumbe nyumba hadi nyumba, analinda usiku, anafagia ofisi, anamtuliza mlevi sherehe ikiharibika. Kwa desturi, mshahara hakuna. Zamu ikiisha anarudi shambani kwake kupumua, kisha baada ya muda anaitwa tena, safari hii kwa cheo cha juu kidogo. Ngazi kwa ngazi, hadi siku akiwa mtu mzima anakabidhiwa fimbo ya uongozi. Muda wake ukikatika, anaitoa fimbo kwa mwingine na kurudi kuwa jirani kama majirani wengine. Kwa hesabu ya huko, cheo ni mzigo unaobebwa kwa zamu.

Juu ya hayo kuna tekio, kazi ya pamoja isiyo na malipo. Barabara imemomonyoka, mfereji umeziba, shule inataka paa? Watu wanatoka na majembe. Ni harambee, ila ya mikono, si ya bahasha.

Mfumo huu una mizizi mirefu. Wakati wa utawala wa Uhispania, vijiji vya wenyeji viliachiwa mabaraza yao madogo, na wenyeji wakachanganya sheria hizo za kigeni na desturi zao za tangu zamani. Katika ulimwengu huo ndimo alimozaliwa Benito Juárez.

Yatima aliyejipelekea kiboko

Alizaliwa Machi 21, 1806. Wazazi wake, Marcelino Juárez na Brígida García, walikuwa wakulima wa jamii ya Wazapoteki. Guelatao wakati huo ilikuwa na familia zipatazo 20 tu na haikuwa na shule. Benito alipofikisha miaka mitatu, baba na mama wote walikuwa wameshafariki. Akalelewa na babu na nyanya, nao wakafariki, akabaki mikononi mwa ami yake, Bernardino.

Mchana alichunga kondoo. Wakati wa mapumziko, ami aliyejua Kihispania alimfundisha kusoma. Baadaye sana, Juárez aliwaandikia watoto wake kumbukumbu fupi za maisha yake, na humo anasimulia jambo la kushangaza. Wakati wa somo ukifika, alikuwa akimpelekea ami yake kiboko yeye mwenyewe ili achapwe endapo somo litamshinda. Sisi tulikuwa tunaficha viboko vya mwalimu. Jamaa alikuwa anavileta.

Alichokitaka ni lugha. Nyumbani walizungumza Kizapoteki, lakini mahakama, serikali na biashara kubwa zote zilizungumza Kihispania. Bila Kihispania ungeweza kudhulumiwa shamba lako huku ukisikiliza kesi yako mwenyewe bila kuelewa neno. Wazazi wenye uwezo waliwapeleka watoto wao jijini wakasome kwa kulipia. Wasio na uwezo waliwapeleka kuwa watumishi wa nyumbani, kwa sharti kwamba wafundishwe kusoma. Benito alimwomba ami yake mara nyingi ampeleke. Ami aliahidi, siku zikapita.

Desemba 17, 1818, akiwa na miaka 12, alitoroka. Alishuka milima kwa miguu na usiku wa siku hiyo hiyo akaingia Oaxaca. Huko alikuwa na mtu mmoja tu, dada yake María Josefa, aliyekuwa mpishi katika nyumba ya mfanyabiashara aliyeitwa Antonio Maza. Hadithi hii unaijua hata kama hujawahi kusikia jina la Oaxaca: mtoto anatoka ushago, anaingia mjini bila chochote, anamtafuta dada yake aliyeajiriwa jikoni kwa watu.

Maza alimpa pa kulala na kibarua. Baada ya muda mfupi akachukuliwa na mjalidi wa vitabu, Antonio Salanueva, mtu wa dini aliyeishi maisha ya sala. Salanueva alimpeleka shule na kutamani awe padri. Shuleni Benito alikutana na ubaguzi mapema. Watoto wa familia za heshima walifundishwa na mwalimu mkuu, huku maskini kama yeye wakitengwa upande mwingine na msaidizi asiyejali. Alikasirika, akaacha shule hiyo, akaamua kujifundisha mwenyewe alichoweza.

Mwaka 1821 aliingia seminari, kwa kuwa hapakuwa na mlango mwingine wa elimu uliokuwa wazi kwa mtu kama yeye. Mwaka 1828 akahamia chuo kipya cha sayansi na sanaa cha Oaxaca kusomea sheria. Wacha Mungu wa mji walikiona chuo hicho kama pango la wazushi. Yeye aliona mlango.

Kutoka udiwani hadi jela

Angebaki Guelatao, angeanza na utopili. Kwa kuwa alikuwa mjini, alipanda ngazi ya mjini. Mwaka 1831 akawa diwani katika baraza la jiji la Oaxaca. Mwaka 1833 akaingia bunge la jimbo. Mwaka 1834 akapata leseni ya uwakili.

Mwaka huo huo wa leseni alipata somo ambalo chuo hakikumpa. Wakazi wa Loxicha, kijiji kingine cha wenyeji, walikuja kulalamika kwamba padri wao anawatoza ada kupita kiasi. Juárez akachukua kesi. Lakini serikali ikabadilika, na upande wa kanisa ukapata nguvu. Waliolalamika wakatiwa ndani. Juárez alipokwenda kuwafuatilia, naye akakamatwa na kuwekwa korokoroni siku tisa.

Ili uelewe kilichomuuma, jua kwamba wakati huo mapadri na wanajeshi wa Mexico walikuwa na mahakama zao. Padri akikukosea, kesi yako inasikizwa na mapadri wenzake. Mwanajeshi akikudhulumu, anahukumiwa na wanajeshi wenzake. Mkulima wa mlimani angeshinda vipi? Juárez aliandika kwamba mambo kama hayo ndiyo yaliyomfanya aazimie kuvunja upendeleo huo. Ilimchukua zaidi ya miaka 20 kupata nafasi.

Mwaka 1843 alimwoa Margarita Maza, binti wa nyumba ile ile ambamo dada yake alikuwa mpishi. Bwana harusi alikuwa na miaka 37, bibi harusi 17. Leo tungeuliza maswali, na tungekuwa na haki ya kuuliza. Ila historia haiwezi kumsimulia Juárez bila Margarita, kama tutakavyoona.

Gavana asiyetaka walinzi

Mwaka 1847, Mexico ikiwa katikati ya vita na Marekani, Juárez alikuwa gavana wa Oaxaca. Alikaa hadi 1852. Alifungua shule, akashughulikia barabara na madeni ya jimbo. Lakini yanayokumbukwa zaidi ni mambo madogo.

Magavana walikuwa na desturi ya kuwekewa askari nyumbani na kuvaa kofia za aina yake kwenye sherehe za serikali. Juárez alifuta yote mawili. Akavaa kofia na suti kama za raia wengine, akaishi nyumbani kwake bila askari mlangoni. Kwa maoni yake, heshima ya kiongozi inatokana na sheria na matendo, haitokani na mbwembwe. Hakutaja kwamba ameyatoa Guelatao. Lakini mtu aliyekulia mahali ambapo kiongozi ni jirani aliyepewa zamu, angeonaje haja ya bunduki mlangoni?

Kisha kuna habari ya makaburi. Kwa sababu za afya, serikali ilitaka maiti wazikwe nje ya mji badala ya ndani ya makanisa. Familia ya gavana ilikuwa na ruhusa ya kukwepa agizo hilo. Mwaka 1850 binti yake mdogo, Guadalupe, alifariki. Juárez hakuitumia ruhusa hiyo. Alimzika mtoto wake kwenye makaburi ya umma, kama mtoto wa mtu yeyote.

Kusokota sigara uhamishoni

Mwaka 1853 jenerali Antonio López de Santa Anna alirudi madarakani na kuanza kulipiza visasi. Juárez alikamatwa, akafungwa kwenye ngome ya San Juan de Ulúa huko Veracruz, kisha akatupwa nje ya nchi. Akapitia Havana hadi New Orleans, Marekani.

Hapo gavana mzima alipiga msoto kisawasawa. Alisokota sigara kwa malipo madogo ili ale. Waliofukuzwa pamoja naye walifanya vibarua vya kila aina, huku jioni wakikutana kupanga Mexico wanayoitaka. Nyumbani, Margarita alifungua duka dogo katika mji wa Etla, akawalisha watoto, na akibakiwa na kitu anamtumia mumewe. Mama mboga yeyote anaujua uchumi wa aina hiyo.

Mwaka 1855 utawala wa Santa Anna ulianguka. Juárez akarudi, akawa waziri wa haki, na mnamo Novemba mwaka huo akatoa sheria iliyopunguza nguvu za mahakama za mapadri na wanajeshi. Hatimaye wale watu wa Loxicha walikuwa wamejibiwa.

Sheria iliyomgeukia mama yake

Hapa ndipo hadithi inapokuwa ngumu, na ndipo wengi huruka ukurasa.

Mwaka 1856 serikali hiyo hiyo ilipitisha sheria iliyopewa jina la waziri Miguel Lerdo de Tejada. Lengo kubwa lilikuwa kanisa, lililomiliki ardhi na majumba mengi mno. Sheria ilisema taasisi zisimiliki ardhi isiyotumika moja kwa moja kwa shughuli zake, na ardhi hiyo iuzwe kwa watu binafsi. Mantiki yao ilikuwa kwamba mtu akiwa na kipande chake mwenyewe atakuwa raia huru na mkulima bora.

Shida ni kwamba taasisi hazikuwa kanisa peke yake. Vijiji vya wenyeji navyo vilikuwa taasisi. Msitu wa kijiji, malisho ya kijiji, shamba la kijiji, vyote viliingizwa kwenye kapu moja na mali ya maaskofu. Katiba ya 1857 ikatilia mkazo. Na gavana wa Oaxaca aliyesimamia sheria hiyo ikianza kutumika alikuwa nani? Juárez, aliyekuwa amerudi kwenye kiti chake cha zamani.

Hakuwa na nia ya kuwadhuru watu wake. Aliamini kweli kwamba sheria moja kwa wote ndiyo dawa ya ubaguzi alioupata tangu shuleni. Hakutaka Mexico yenye mahakama ya padri, mahakama ya mwanajeshi na sheria ya kijiji kila moja kivyake. Lakini kijiji bila ardhi ya pamoja kinabaki jina tu. Utatoa tekio kwa ajili ya nini, ikiwa mlima ni wa mtu mmoja? Katika sehemu nyingi za Mexico, hasa miaka iliyofuata kifo chake, ardhi ya vijiji iliishia kwa wenye mashamba makubwa, na wajukuu wa wenye ardhi wakawa vibarua. Vijiji vingi vya milima ya Oaxaca vilishikilia ardhi yao kwa ukaidi. Ukweli unabaki kwamba mtoto wa Guelatao alitia sahihi upande wa pili.

Serikali ndani ya gari la farasi

Mabadiliko hayo yalizua vita. Mwishoni mwa 1857 Juárez alikuwa mkuu wa Mahakama ya Juu. Kwa katiba, rais akiondoka, nafasi ni yake. Rais Ignacio Comonfort alipoigeuka katiba na baadaye kukimbia, Juárez akaapishwa Januari 1858. Kwa miaka mitatu nchi ilikuwa na serikali mbili. Juárez alihama mji hadi mji, akaponea chupuchupu kupigwa risasi na wanajeshi walioasi Guadalajara, akazunguka kupitia Panama hadi kuweka makao Veracruz. Akiwa huko mwaka 1859 alitaifisha mali ya kanisa na kuanzisha ndoa za serikali na usajili wa raia. Januari 1861 akaingia jiji kuu akiwa mshindi.

Hazina ilikuwa tupu. Mnamo Julai 1861 akasimamisha malipo ya madeni ya nje kwa miaka miwili. Uingereza, Uhispania na Ufaransa zikatuma manowari kudai. Mbili za kwanza zikaelewana na kuondoka. Ufaransa ya Napoleon III ilikuwa na mpango mwingine. Mei 5, 1862 jeshi la Mexico chini ya jenerali Ignacio Zaragoza liliwashangaza Wafaransa huko Puebla, lakini mwaka uliofuata jiji kuu likaanguka. Mwaka 1864 Wafaransa na wahafidhina wa Mexico wakamleta Maximilian, mdogo wake mfalme wa Austria, wakamvika taji.

Juárez akapanda gari jeusi la farasi, akaelekea kaskazini. Serikali ya Mexico ilikuwa humo ndani: rais, mawaziri wachache, na nyaraka za taifa zikifuata kwenye mikokoteni. Huko Coahuila, wakulima walizificha nyaraka hizo pangoni na kuzilinda. Wengine waliuawa bila kutoa siri. Watu wa kawaida, bila mshahara, wakilinda karatasi ambazo wengi wao hawakuweza kuzisoma. Kama hilo si tekio, sijui ni nini.

Alisukumwa hadi Paso del Norte, ukingoni mwa nchi. Akikaribia kuvuka mto tu, atakuwa Marekani, salama, lakini si rais tena. Hakuvuka. Margarita alikuwa New York na watoto, na huko wavulana wao wawili walifariki baba akiwa jangwani.

Napoleon III alipoanza kuondoa majeshi yake, mambo yakageuka. Maximilian alikamatwa Querétaro na kuhukumiwa kifo. Maombi ya kumsamehe yalitoka pande nyingi za Ulaya. Juárez alikataa, na Juni 19, 1867 Maximilian akapigwa risasi pamoja na majenerali wake wawili. Mwezi uliofuata, gari jeusi likaingia jiji kuu.

Zamu iliyokataa kuisha

Laiti angeikabidhi fimbo hapo.

Mwaka 1867 aligombea tena, akashinda. Mwaka 1871 akagombea tena. Margarita alikuwa amefariki Januari ya mwaka huo, marafiki wengi wa zamani walikuwa wamemkimbia, na wapinzani walisema wazi kwamba amekipenda kiti. Kura hazikumpa yeyote wingi wa kutosha, Bunge likamchagua yeye. Jenerali Porfirio Díaz, shujaa wa vita na mtoto wa Oaxaca kama yeye, aliasi akipinga rais kuchaguliwa tena na tena. Uasi huo ulizimwa.

Julai 18, 1872, Benito Juárez alifariki kwa ugonjwa wa moyo ndani ya ikulu, akiwa na miaka 66. Alikuwa bado rais. Miaka minne baadaye Díaz, yule aliyepinga watu kung'ang'ania, alichukua nchi. Akaitawala kwa zaidi ya miongo mitatu.

Alichotuachia

Kijiji nacho hakina utakatifu. Kwa muda mrefu wanawake wa vijiji vingi vya Oaxaca walifungiwa nje ya mikutano na vyeo, na vita yao ya kuingia haijaisha. Zamu bila mshahara humuuma zaidi asiye na akiba. Vijana waliokwenda Los Angeles kutafuta riziki huitwa warudi kutumikia, au wamlipe mtu awashikie nafasi. Ni mfumo wa binadamu, una majeraha yake.

Lakini umedumu. Ulimpita Mhispania, ukampita Maximilian, ukazipita hata sheria za mtoto wake mashuhuri. Mwaka 1995 jimbo la Oaxaca liliandika sheria kutambua uchaguzi wa desturi, na leo zaidi ya manispaa 400 kati ya zile 570 huchagua viongozi wao hivyo, bila vyama.

Kwa hiyo wakati mwingine mtu akija mtaani na spika kubwa juu ya pikapu akikuomba kura ya udiwani, kabla ya kumuuliza ataleta nini, muulize amewahi kubeba nini. Mtaro gani aliuzibua kabla ya kamera kufika? Nani alimtuma, akaenda? Juárez alijibu maswali hayo vizuri karibu maisha yake yote, na bado swali la mwisho, lile la lini utarudisha fimbo, likamshinda.

Machi 21 ijayo wanasiasa watapanda tena Guelatao, wataweka maua, watahutubia, watashuka. Wakishaondoka, lazima kuwe na mtu wa kufagia uwanja. Katika kijiji kile, anayefagia leo huenda ndiye rais wa manispaa wa kesho.